Sadaka ya mtoto isiwe ya kutumwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu kabla mabasi ya Dar es Salaam hayajaanza kushusha watu hapa Moshi. Desemba ikishavuka tarehe 20 hakuna wa kumsemesha, kila mtu yuko na mbuzi wake.

Nafundisha shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa Kilutheri huku mlimani, huu ni mwaka wa 14. Kila Krismasi naliona jambo lile lile mlangoni mwa kanisa. Mzazi anafungua pochi, anatoa sarafu ya shilingi 200, anamtia mtoto kiganjani: "Shika, ukatoe." Mtoto anaibana, anaipeleka kapuni, anarudi kukaa. Huyo hajatoa kitu, katumwa, kama alivyotumwa jana dukani kufuata chumvi. Tofauti ni kwamba leo hana chenji ya kurudisha.

Nyumbani nako tunawaambia watafute nguo za kuwapa yatima, nao wanaleta zilizowabana na zilizokatika zipu. Tunawasifu. Mimi pia nimewahi kuwasifu.

Krismasi ya mwaka juzi binti mmoja wa darasa langu, wa miaka 7, alikuja na yai. Bibi yake alikuwa amempa mtetea, awe wake mwenyewe, na wiki nzima mtoto alikuwa akichungulia kwenye tenga kungojea ataanza kutaga lini. Yai la kwanza alilileta ndani ya kopo la majani ya chai, kalilaza juu ya pumba za mahindi, na njia nzima hakukubali mtu amsaidie kubeba.

Wanaozijua ibada zetu wanajua kilichofuata. Sadaka isiyo fedha, yaani mikungu ya ndizi, maziwa, kuku, maparachichi, hupigwa mnada nje baada ya ibada. Mzee wa kanisa akaliinua yai juu kwa vidole viwili. Wageni wa mjini walikuwa tele. Likaanzia 1,000. Aliyelinunua akalirudisha liuzwe tena, kama ilivyo desturi, na wa pili naye akalirudisha. Wa tatu akalichukua kwa 30,000, vigelegele vikapigwa. Yai ambalo dukani ni shilingi 500!

Mtoto akawa analia. Nikadhani ni aibu ya kutazamwa na watu, nikamvuta pembeni. Akaniambia, "Mwalimu, lile lilikuwa la Bibi wa pale kwenye kona." Bibi huyo ni jirani yao, miguu imemkataa na kanisani haji tena. Na Jumapili iliyotangulia ni mimi niliyewaambia watoto kila mmoja amfikirie mtu wa kumpa kitu. Yeye alimfikiria. Kanisani alilileta kwa sababu alidhani yai litaombewa kwanza, halafu lipelekwe. Wakati huo lilikuwa limeshapanda gari la watu kuelekea Arusha.

Sisemi mnada ni mbaya. Mabati ya darasa letu yametokana nao. Lakini siku ile wakubwa tulifurahia bei, na hakuna aliyemuuliza mwenye yai alikusudia nini. Hata mimi mwalimu wake sikuuliza.

Siku mbili baadaye kuku akataga tena, tukaenda wawili. Bibi alilichemsha papo hapo, akamwagiza mtoto chumvi jikoni, akalikata kwa uzi na kumpa nusu. Walikula kimya. Mimi sikupewa, na wala sikustahili.

Mwaka jana tulijaribu kitu kingine tukaharibu. Tuliwapeleka watoto kwenye kituo cha kulelea yatima, tukapanga mistari miwili inayotazamana, huku wapokeaji na huku watoaji, simu zikatoka mifukoni. Msichana mmoja wa pale akajikinga uso kwa boksi la sabuni aliyopewa. Tukiwa garini watoto wangu hawakuuliza habari za wenzao hata kidogo, walichotaka ni kuona picha wametokaje. Na Mathayo 6 tulikuwa tumeisoma asubuhi hiyo hiyo, ile ya mkono wa kushoto usijue!

Wazazi huniambia, "Mwalimu, huyu mtoto atatoa nini, hana kitu." Someni Luka 2 mpaka mbele kidogo, msiishie kwa wachungaji wa kondoo. Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili tu, na Walawi 12 inaeleza kwamba hiyo ni sadaka ya asiyeweza kupata mwanakondoo. Mamajusi, ambao watoto wangu hubisha kwamba walikuwa watatu mpaka tufungue Mathayo na kukuta idadi haikutajwa, dhahabu, uvumba na manemane yao hawakumtuma mtu. Walizibeba wenyewe kutoka mashariki.

Basi mwaka huu sadaka ya watoto tumeihamishia tarehe 26. Wengi tunaijua kama siku ya kumalizia pilau la jana, lakini katika kalenda ya kanisa ni siku ya Stefano, mmoja wa wale saba waliochaguliwa kusimamia mgawo wa chakula ili wajane wasisahaulike. Kila mtoto atachagua mtu na kumpelekea kitu chake mwenyewe: kalamu, ndizi ya mgomba aliopewa na babu, au saa moja ya kuteka maji. Simu zitabaki nyumbani. Kwenu wazazi ombi ni moja, msiwaongezee. Mtoto akiamua kutoa penseli, msiibadilishe kwa boksi zima la penseli ili msionekane wachoyo.

Mwenye yai sasa ana miaka 9 na kuku wanne. Nimemuuliza mara mbili safari hii anampelekea nani. Hataki kuniambia.

Mwalimu wa shule ya Jumapili,
Moshi Vijijini
(jina limehifadhiwa)