Mwenye betri ya moyo asiache kliniki

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe waliowekewa betri ya moyo, pamoja na ndugu wanaowauguza: kidonda kikishapona, kliniki bado inaendelea. Wapo wanaoiacha kwa kuwa kizunguzungu kimekwisha. Ni hatari.

Kifaa chenyewe ni kiboksi cha titani kinachokaa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya moja au mbili hupita ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, hadi upande wa kulia wa moyo. Zinasikiliza kila pigo. Likichelewa, kifaa hupeleka umeme wa volti chache, na moyo unapiga.

Betri iliyo ndani ya kiboksi haichajiwi. Hudumu takriban miaka 5 hadi 15, kutegemea moyo unasaidiwa mara ngapi na kwa volti ngapi. Ikichoka hubadilishwa kiboksi kizima, maana imezibwa humo humo; waya zikiwa nzima huachwa. Mgonjwa hawezi kuhisi imebaki kiasi gani. Akiwa kliniki huwekewa kisomeo juu ya kifua, hapasuliwi, na mtaalamu anasoma hali ya betri na ukinzani wa waya, yaani kiasi waya inavyozuia umeme kupita. Ukinzani ukipanda ghafla, huenda waya imekatika au skrubu ya kiungo imelegea. Ukishuka mno, huenda mpira unaoifunika waya umechubuka. Kasoro hizo huonekana mapema, mgonjwa akiwa bado mzima. Apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi betri ikikaribia kwisha.

Wiki 4 hadi 6 za mwanzo mkono wa upande huo usipandishwe juu ya bega, waya isije ikachomoka. Wala usifungwe kabisa, bega litakakamaa.

Wenye difibrileta, ile inayoweza pia kuushtua moyo kwa umeme wa hadi takriban jouli 40, wajue hili: ikipiga mara moja na mtu akajisikia vizuri, apigie kliniki siku hiyo hiyo. Ikipiga mfululizo, au akizimia, akimbizwe hospitali. Msiogope kumshika, umeme huo hautawadhuru.

Na kadi ya kifaa, yenye jina la kampuni na namba ya modeli, isikae kabatini. Kisomeo cha kampuni moja hakisomi kifaa cha kampuni nyingine, hivyo anayesafiri kutoka Kigoma hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete apige simu kwanza, ataje kampuni na namba ya modeli. Naziomba hospitali ziandike maelezo hayo pia kwenye karatasi ya ruhusa, kwa herufi zinazosomeka.

Mtaalamu wa vifaa vya moyo,
Dar es Salaam