Mwanaharakati wa mazingira, njoo kwenye sola

Ndugu Mhariri,

Kijana aliyezoea kubeba mabango ya mabadiliko ya tabianchi huweza kuona ni usaliti kuingia kwenye biashara ya nishati. Sisi mafundi tunamwambia aje, tena haraka, maana kazi ipo hapa hapa Ziwa Victoria. Ila aje na kalamu ya hesabu.

Chukua taa za kuvulia dagaa pale Igombe. Taa nne za wati 10 zikiwaka kwa muda wa saa 10 hula wati-saa 400. Paneli ya wati 100, kwa saa tano za jua kali na ukitoa upotevu, huleta kama 375. Haitoshi, weka ya wati 150. Betri ya maji ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukiinyonya kupita nusu kila usiku itakufa mapema.

Kinachotuuma zaidi ni waya mwembamba. Waya wa milimita za mraba 1.5 ukivutwa mita 10 kutoka kwenye paneli hiyo ya wati 150 hupoteza karibu volti 2. Betri huchelewa kujaa, mteja analaumu paneli, na jina la sola linaharibika mtaa mzima. Wa milimita za mraba 6 hupoteza nusu volti tu. Fyuzi ikae jirani na ncha chanya ya betri. Kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, unga betri kwanza, paneli baadaye.

Umeme usomewe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kisha leseni iombwe EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Uchungu wa mazingira pekee haukazi nati.

Mafundi sola,
Kirumba, Mwanza