Barua kwa mwanangu: ubuyu wa sikukuu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Juzi uliponipigia simu kuniuliza ubuyu wa Iddi unapikwaje, nilikujibu mbiombio, na tulipoagana moyo ukanisuta. Umetimiza miaka 26, muuguzi kamili, na hujui kupika ubuyu uliokuwa ukiumung'unya tangu hujaota magego. Kosa ni langu. Kila uliposogea jikoni siku ya kupika nilikufukuza.

Sababu sijapata kukwambia. Hili kovu la mkono wangu wa kulia, unalodhani ni la pasi, ni la shira, ile sukari ya kuchemsha na maji. Nilikuwa na miaka 9, bibi yako kageuka kuchukua iliki, nami nikanyoosha mkono nilambe mwiko. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka yakaenda zake. Shira haiendi popote. Inang'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza. Nilipokuzaa nikaapa kwamba wewe hayatakupata, nikakuweka mbali na sufuria mpaka ukahama nyumbani. Sasa Iddi inakukuta zamu huko Dodoma, na jiko ni lako. Basi soma taratibu.

Anza na ubuyu wenyewe. Huko uliko, mama, ndiko kwenye mibuyu. Sisi huku Unguja tunangoja magunia yavuke bahari. Nenda soko la Majengo asubuhi, uonje kabla hujanunua. Ubuyu mzuri ni mweupe kama maziwa, unga wake umeshikana na kokwa, na ugwadu wake unakukunja uso. Ukiona umegeuka kahawia au unanuka uvundo, pita. Chukua kilo 1. Ukifika nyumbani utoe zile nyuzi nyekundu, kisha uchekeche. Unga utakaodondoka usiutupe, utauhitaji mwishoni.

Sukari robo tatu ya kilo, maji vikombe 2, iliki punje 12 uzitwange mwenyewe, pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole, na mafuta kijiko 1 ili usigande chini. Vanila wengi wanatia. Mimi sitii, kwa sababu inaifunika iliki, na ubuyu usionukia iliki kwangu haujawa wa sikukuu.

Rangi ndiyo nakusihi. Nunua ya chakula, iliyo kwenye chombo chake kilichoandikwa, wala usikubali ya kupimiwa kwenye kikaratasi. Mwaka mmoja nilipimiwa hivyo dukani, nikatia sufuriani, nikasikia harufu naijua: ilikuwa rangi ya kutilia ukili wa mikeka. Kilo 3 nilizimwaga usiku wa kuamkia Iddi huku nalia, na wewe ulikuwa umelala, hukujua. Hata hiyo ya chakula, tia kidogo tu. Ulimi wa mtoto ukiwa mwekundu unapendeza, lakini nguo mpya za Iddi zikipata madoa hayatoki.

Sasa shira. Tia sukari, maji na rangi sufuriani, ichemke kwa moto wa wastani. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Unga wa ubuyu unayeyuka upesi kwenye maji, ndiyo maana tunaufanyia juisi. Ukiutia shira ikiwa bado nyepesi, unga wote unabanduka kwenye kokwa na unabaki na uji mwekundu. Dondosha tone kwenye kisahani, lipoe kabisa, ulibane kwa vidole viwili kisha uviachanishe. Likivuta uzi, iko tayari. Narudia, mwanangu: kwenye kisahani, na lipoe. Usionje kutoka kwenye mwiko.

Punguza moto uwe mdogo, tia mafuta, iliki, pilipili manga na chumvi, halafu ubuyu wote kwa mara moja. Geuza polepole kutoka chini kuja juu, usisonge kama ugali, zile kokwa zisije zikachubuka. Utaona shira inanywewa, na ubuyu unaanza kuachana na sufuria. Epua, mwaga kwenye sinia pana, tenganisha kwa uma ungali na joto, kisha nyunyizia ule unga uliouweka. Uache upoe hasa kabla ya kuufunika, kwa maana mvuke ukibaki ndani ya mkebe, asubuhi unaukuta umelowa. Huku kwetu unyevu wa bahari haututaki mema, ubuyu unatoa jasho siku ya tatu. Dodoma hewa kavu, wako utakaa vizuri kuliko wangu.

Iddi mosi nitakukumbuka. Ulikuwa ukirudi kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja jioni, viatu mkononi, pesa za mkono wa Iddi zimekwisha, na mfuko wa gauni umejaa kokwa ulizokataa kuzitupa. Nikikuuliza, unasema unakwenda kupanda mibuyu.

Wapelekee wenzako wa zamu. Na fungu la bibi yako uliweke kando mwanzo, kabla hujaonja wewe. Meno hana tena, ila ubuyu haumtaki meno, anaumung'unya tu. Mpe mtu anayekuja Unguja, mimi nitakwenda kulipokea bandarini. Shira ikikaa au isipokaa, atakayekwambia ni yeye.

Mama yako