Tuhesabu miche iliyoshika

Mhariri,

Serikali ya Kenya inataka tupande miti bilioni 15 ifikapo 2032, nami naunga mkono kwa moyo wote. Tarehe 13 Novemba 2023, siku tuliyopewa mapumziko ili tupande, nilikuwa ukingoni mwa msitu wa Mau na jembe langu.

Kiangazi cha Januari nilirudi pale. Niling'oa mche mmoja uliokauka, nikakuta mizizi imejikunja ndani ya karatasi nyeusi ya plastiki. Aliyeupanda hakuivua! Mingine ilikuwa imetafunwa na mbuzi hadi shinani.

Njia tunaijua. Vuguvugu la Green Belt, alilolianzisha Wangari Maathai mwaka 1977, liliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Ulioshika, Mhariri, si uliochimbiwa shimo tu. Mtu akilipwa hivyo atauchotea maji, atauzungushia miiba.

Naomba pia tuache kupanda mikaratusi karibu na chemchemi, maana inakunywa maji mno, na mito ya Mara, Njoro na Sondu inatoka huko Mau. Turudishe miti ya asili kama mwiri, podo na mwerezi, hata kama inakua polepole. Na pale visiki vya miti hiyo vinapochipua, tuzuie mifugo na mashoka, msitu utajirudia wenyewe.

Kabla ya malori ya miche mipya kuja msimu huu wa mvua, mtu atumwe kwanza akaihesabu ile ya zamani.

Mkulima,
Njoro