Mdogo wangu, hukujikata nyumbani

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi hapa wazima, presha ya mama imeshuka, na kusi limeanza kuvuma. Nakuandikia hadharani kwa kuwa faraghani nimekwambia mara tatu udai haki ya mkono wako ulioumia kazini, na mara zote tatu umenijibu, "Dada, yaache." Siwezi kuyaacha. Tena najua Malindi hii wako wenzako wenye kovu kama lako. Jina lako sitalitaja, wala la tajiri wako.

Ilikuwa mkesha wa Idd ya kuchinja. Ng'ombe wameshushwa usiku machinjioni kwenu kutoka Tana River, wenye mabucha wako nje na pikipiki zao wanapiga honi tangu saa tisa, tajiri anapita nyuma yenu akihimiza. Ulinieleza mwenyewe: mkono wa kushoto umevuta ngozi, wa kulia una kisu, miguuni kandambili, chini saruji imejaa damu na maji. Mwenzako akauachia mguu wa ng'ombe kabla hujawa tayari, ukateleza, kisu kikapita kiganjani. Ukajifunga kitambaa kile kile cha kufutia visu ukammaliza ng'ombe yule. Kisha ukachuna mwingine.

Hospitali tulikwenda pamoja. Ulipoulizwa umejikatia wapi, ukasema nyumbani, ukifua nazi. Nami nilikuwa kando yako nikanyamaza. Kimya kile kinaniuma mpaka leo, maana kadi imeandikwa "nyumbani" kwa wino. Jeraha limefunga, lakini vidole viwili vya mwisho havikunjiki. Juzi nimekuona ukishika kikombe cha kahawa kwa vidole vitatu, ukadhani hakuna aliyekutazama.

Nimekaa nikazisoma sheria, polepole, kifungu kwa kifungu. Mwaka 2007 Bunge letu la Kenya lilipitisha ile ya Usalama na Afya Kazini, na ile ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Ya kwanza inamtaka mwajiri awape mavazi ya kujikinga wanaofanya kazi kwenye majimaji au vitu vya kudhuru, na inataja glavu na viatu waziwazi. Kazi gani ina majimaji kuliko yako? Kandambili zile ulizinunua kwa pesa zako. Na glavu ya nyuzi za chuma, ambayo kisu hakiipenyi kirahisi, hujawahi kuivaa hata siku moja.

Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha kwamba tajiri alikosea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Tajiri anatakiwa awe amekata bima kwa ajili hiyo, na akishaarifiwa ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Lakini haki hiyo hufa ikiwa mwajiri hakuarifiwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Hesabu mwenyewe, mdogo wangu. Tuko mwezi wa kumi tangu uumie.

Utasema wewe kibarua, hukuandikiwa barua. Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, inatambua hata mkataba wa mdomo, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Wewe una miaka minne pale. Utasema pia utafukuzwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika. Sisemi hakuna tajiri anayeivunja. Nasema akiivunja, utakuwa na pa kusimamia, na leo huna.

Jambo moja halinitoki kichwani. Asubuhi ile mkaguzi alikuja, akampasua ng'ombe ini kuangalia minyoo, akakagua tezi, akapiga muhuri. Ni kazi njema, inatulinda sisi walaji. Ila nyama ilikaguliwa na mchunaji akapitwa, na kiganja chake kinavuja damu. Mwaka 2006 kuingia 2007, homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, ilipozuka Garissa na kushuka Tana River, waliokuwa karibu zaidi na hatari ni hao wanaochinja na kuchuna. Mkono wenye jeraha wazi ndani ya ng'ombe mgonjwa: hilo tu ndilo nilikuwa nikiliwaza ukiwa umelala.

Hata Marekani, sheria ya kukagua nyama ilipita 1906, na ile ya usalama wa wafanyakazi kwa jumla ikasubiri hadi 1970. Huko viwanda vya nguruwe viliwekewa kikomo cha nguruwe 1,106 kwa saa. Serikali ilipokiondoa kikomo hicho mwaka 2019 kwa baadhi ya viwanda, wafanyakazi wakaenda mahakamani kupitia chama chao, na mwaka 2021 hakimu akaitengua hatua hiyo. Mbio ndizo zinazokata watu mikono, kwao kwa mashine, kwetu kwa honi za pikipiki.

Kwetu, Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti machinjio. Sheria ya usalama inadai kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Nyinyi mko kumi na mmoja, kwa hiyo kamati hamna. Pengo hilo Bunge la Kaunti ya Kilifi linaweza kuliziba: machinjio yasipewe kibali bila buti, glavu, sanduku la huduma ya kwanza na daftari la majeraha, hata yakiwa na watu watano. Nimemwandikia mwakilishi wa wadi yetu hivyo, kwa jina langu na namba yangu.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini. Nitakupitia saa mbili asubuhi. Tutaanza kwa tajiri wako, na taarifa nimeshaiandika, nakala mbili, moja aitie sahihi tubaki nayo. Kisha daktari aupime mkono upya ajaze sehemu yake ya fomu ya kuarifu ajali. Akiuliza kwa nini kadi inasema nyumbani, nitajibu mimi, kwa kuwa nilikuwepo na nikanyamaza. Wewe uje tu na kadi. Iko kwenye droo ya mama, chini ya vitambulisho.

Wako,
Dada