Kwa nini pweza mkubwa haishi sana

Rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Umeuliza inakuwaje pweza mkubwa wa Pasifiki, na mwili wote ule, aishi miaka 3 hadi 5 tu. Kwanza usahau picha za pweza anayezamisha meli. Aliyekomaa huwa na kilo 15 hadi 50. Habari za kilo zaidi ya 100 hazijathibitishwa, usiwafundishe wanafunzi wako.

Anaishi kwenye maji baridi, kuanzia Japani na Korea, kupitia Alaska, hadi California. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba, na kwa kazi hiyo shaba haifui dafu mbele ya chuma kilichomo katika damu yetu. Ndiyo maana ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia na mmoja wa mwili mzima, na bado akikimbizwa huchoka upesi. Maji yakipata joto hupungukiwa oksijeni, naye hutaabika. Wanaomfuga hubana kifuniko cha tangi barabara: hana mfupa, hivyo tundu likipitisha mdomo wake mgumu, na mwili utapita.

Kila mnyiri wa jike una vikombe vya kushikia 280 hivi. Dume utamjua kwa mnyiri wa tatu wa kulia, ukihesabu kutoka mbele: ncha yake haina vikombe, maana ndio unaompa jike kifuko cha mbegu. Mara nyingi huukunja, basi uwe na subira.

Akikamata chaza hujaribu kwanza kumfungua kwa nguvu. Akishindwa, hutoboa gamba kwa ulimi wake wenye meno na kupenyeza sumu hadi misuli ilegee. Magamba huyatupa mlangoni mwa pango, na wapiga mbizi humgundua kwa jalala hilo.

Sasa jibu lako. Huzaa mara moja tu. Dume akishapandana huacha kula, huzurura ovyo, na hafikishi miezi mingi. Jike hutundika mayai makumi ya maelfu kwenye dari la pango, kila moja kama punje ya mchele. Kwa miezi 6 hivi, na zaidi maji yakiwa baridi sana, huyapulizia maji na kuyasafisha yasiote ukungu. Hali kitu. Watu hudhani njaa ndiyo inayomuua, lakini amri hutoka kwenye tezi zilizo karibu na macho. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliwatoa majike wa pweza wa aina nyingine tezi hizo: waliacha mayai, wakarudi kula, wakaishi zaidi.

Vifaranga huelea wiki kadhaa karibu na uso wa bahari kabla ya kushuka chini, na wengi huishia matumboni mwa samaki. Ukiwaonyesha wanafunzi video ya jike pangoni, waambie wautazame mrija ulio kando ya kichwa. Ndio unaoyapulizia mayai.

Wasalaam,
Mwanaidi