Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Wanukuzi wa Historia katika Kata za Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi ya wanukuzi wetu wa kujitolea kwa mwaka huu. Ya fedha atayaeleza mtunza hazina. Mimi nitasema zaidi juu ya mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, kwa kuwa ndiyo yaliyotuchukulia muda mrefu kuliko jambo jingine lolote.

Kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, watu wengi wa upande wa bara waliishi wametawanyika katika makazi madogo ambayo mara nyingi yaliitwa kwa jina la mzee aliyefyeka pori kwanza. Walipohamishwa, majina hayo yalibaki vinywani mwao, na kule walikotoka ikabaki miembe, mikwaju na makaburi. Tulianza kazi hii kwa kukosea. Tuliwauliza wazee wa Fukayosi na Makurunge walihama mwaka gani, nao, kwa adabu ya kutotuangusha wageni, wakatupa mwaka wowote uliowajia. Siku hizi tunamuuliza mama ni mwanawe yupi aliyekuwa mgongoni siku ya kuhama, kisha tunatafuta mwaka aliozaliwa mtoto huyo.

Misheni, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, tatizo limegeuka: maandishi yapo, masimulizi ni haba. Baadhi ya familia zinalijua jina la ubatizo la babu yao, lakini si lile alilokuja nalo kutoka kwao.

Zinga na Mlingotini kazi imekwenda polepole, na siwalaumu wenyeji. Tangu habari za mpango wa kujenga bandari Mbegani zienee, mtu anayepita na daftari akiuliza shamba hili lilikuwa la nani hudhaniwa kuwa dalali au mpimaji. Hata ningekuwa mimi, nisingemjibu. Kwa sababu hiyo kamati imeamua kwamba mahali hasa lilipo hame hapatatangazwa bila ridhaa ya ukoo unaohusika, na kwamba koo mbili zikitofautiana juu ya nani alitangulia kufika, masimulizi yote mawili yatahifadhiwa yalivyo, kila moja likiwa na jina la msimulizi na siku aliyosimulia, wala mnukuzi asijifanye kadhi.

Linanipasa pia kueleza kosa langu. Nilirekodi mazungumzo marefu na mzee mmoja mvuvi kuhusu majina ya vijito vya mikokoni, nikakaa nayo siku kadhaa bila kuyanakili, simu ikatumbukia majini nikishuka mashuani. Tulipopanga kurudi kwake, tulikuta matanga. Kilichosalia ni ukurasa mmoja na nusu wa mwandiko wangu, nao hausomeki vizuri.

Kwa hiyo ninaomba mkutano huu uidhinishe ununuzi wa kadi ya kumbukumbu ya kuhifadhia nakala kwa kila mnukuzi, pamoja na sharti kwamba hakuna atakayelala na rekodi isiyo na nakala. Ninaomba vilevile wanukuzi wa Zinga wapatiwe barua za utambulisho kutoka kwa watendaji wa vijiji kabla ya masika, ili waanze na wazee wale ambao njia za kwao hukatika mvua zikianza.

Mwenyekiti